Mwanga Nyuma ya Kioo: Kikokotoo cha Grafu na Ujuzi Uliotawanyika Mwanza

Kikokotoo cha grafu ni kompyuta ndogo ya mkononi ambayo, licha ya kujumlisha na kuzidisha, huchora mstari wa mlinganyo juu ya kioo chake, huhifadhi programu fupi zilizoandikwa na mwenyewe na hutatua hesabu ambazo kwa kalamu zingejaza kurasa kadhaa. Hata hivyo, vikokotoo vya aina hiyo vilivyotengenezwa kabla ya muongo wa 2010 vina upungufu mmoja unaofanana, nao ni kwamba karibu vyote havina taa, hivyo giza linapoingia tarakimu na michoro yake haisomeki tena. Mwanza ni jiji lililo takribani nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, ambako jua huzama kuelekea saa moja usiku katika miezi yote na usiku huchukua karibu saa 12 katika kila msimu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kujisomea kwa wanafunzi hufanyika baada ya jua kuzama, mara nyingine umeme ukiwa umekatika.

Upungufu huo unatibika kwa mikono. Mtu mwenye subira, chuma cha kulehemu na vipuri vilivyotolewa katika simu mbovu anaweza kuweka mwanga nyuma ya kioo cha kikokotoo chake bila kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika na kanuni zinazoiongoza, lakini hoja yake ni pana kuliko kifaa chenyewe: maarifa yote yanayohitajika yamo tayari Mwanza, ila yamegawanyika katika sehemu tatu zinazokutana kwa nadra, yaani vibanda vya mafundi wa simu na televisheni, mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, na madaftari ya Fizikia ya wanafunzi wa sekondari.

Kwa nini kilitengenezwa bila taa

Vikokotoo vya mwanzo vya mkononi, vilivyouzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, havikuwa na tatizo la giza, kwa sababu tarakimu zake ziliwaka zenyewe kwa rangi nyekundu au kijani. Tatizo lake lilikuwa betri, kwa kuwa kila tarakimu iliyowaka ilikula umeme mwingi kuliko hesabu yenyewe. Mwaka 1973 kampuni ya Sharp ya Japani ilitoa kikokotoo cha mfukoni EL-805, kilichotumia kioo cha fuwele kimiminika, yaani aina ya kioo ambayo leo hujulikana kila mahali kwa herufi tatu LCD. Kioo hicho hakikuwaka, bali kilitumia mwanga wa mahali kilipo ili tarakimu zionekane, na kwa njia hiyo muda wa kuishi wa betri uliongezeka sana. Watengenezaji walioondoa mwanga katika kikokotoo walifanya hivyo kwa kujua, wakiamini kwamba mtumiaji angekuwa daima mezani penye taa.

Kampuni ya Casio ilipotoa fx-7000G mwaka 1985, kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa kwa umma, ilifuata uamuzi uleule. Texas Instruments ya Marekani iliingia katika soko hilo mwaka 1990 kwa TI-81, ikafuatiwa na TI-83 mwaka 1996 na TI-84 Plus mwaka 2004, na vyote hivyo vilikuwa na kioo cha nukta 96 kwa 64, yaani nukta 6,144 zinazogeuka nyeusi au kubaki wazi, bila taa yoyote. Vikokotoo vya kioo cha rangi chenye taa ya nyuma, kama TI-Nspire CX ya mwaka 2011 na HP Prime ya mwaka 2013, vilikuja baada ya betri za litiamu na taa za LED kushuka bei kutokana na kuenea kwa simu za mkononi. Vile vya zamani havikutupwa, kwani vimejengwa imara kiasi cha kudumu miongo kadhaa, na hupita kutoka mkono hadi mkono kama vifaa vilivyotumika.

Nchini Tanzania kikokotoo cha grafu si kifaa cha kawaida cha shule, kwa sababu katika mtihani wa Hisabati ya Juu wa kidato cha sita watahiniwa huruhusiwa vikokotoo visivyoweza kupangiwa programu pekee. Hata hivyo, kikokotoo cha kawaida cha kisayansi, ambacho wanafunzi wengi hukiita kalkuleta, kina kioo cha aina ileile kinachofanya kazi kwa kanuni ileile. Hivyo kinachoelezwa hapa kuhusu kifaa kimoja kinamhusu pia mwanafunzi wa shule za sekondari za Nsumba au Bwiru jijini Mwanza ambaye hajawahi kushika kikokotoo cha grafu.

Kioo kinachotegemea mwanga wa nje

Historia ya kioo hicho inaanzia kwenye karoti. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, aliyefanya kazi Prague, alichunguza kemikali iliyotokana na kolesteroli ya mmea huo na kugundua kwamba iliyeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi ilikuwa kimiminika chenye ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla. Hali ile ya katikati ndiyo iliyokuja kuitwa fuwele kimiminika, yaani maada inayotiririka kama maji huku chembe zake zikiendelea kujipanga kwa utaratibu kama za chumvi au almasi. Ugunduzi huo ulibaki jambo la maabara kwa miaka zaidi ya 80, hadi Desemba 1970, ambapo Martin Schadt na Wolfgang Helfrich wa kampuni ya Hoffmann-La Roche huko Basel, Uswisi, waliomba hataza ya njia ya kuitumia maada hiyo kudhibiti mwanga kwa umeme mdogo sana.

Njia yao inategemea tabia ya mwanga kuwa mtetemo. Mwanga wa jua au wa taa hutetemeka katika pande zote kwa pamoja, lakini kuna utando mwembamba wa plastiki uitwao polaraiza unaopitisha ule tu unaotetemeka katika uelekeo mmoja, kama uzio wa fito zilizosimama wima unavyoweza kupitisha ubao ulioshikwa wima na kuuzuia ule ule ukilazwa. Kioo cha kikokotoo kina polaraiza mbili, moja mbele na nyingine nyuma, na kwa kawaida huwekwa zikiwa zimepishana kwa nyuzi 90, hali ambayo peke yake ingezuia mwanga wote. Kati yake kuna vipande viwili vya kioo chembamba vilivyobana tabaka la fuwele kimiminika, na chembe za tabaka hilo zimepangwa kwa msokoto wa nyuzi 90 kutoka kipande kimoja hadi kingine. Mwanga unaopita humo husokotwa pamoja nazo, na unapofika kwenye polaraiza ya pili uelekeo wake umekwisha kugeuka, kwa hiyo unapita. Umeme ukipelekwa kwenye nukta fulani, chembe za hapo husimama wima na msokoto hupotea, mwanga huzuiwa, na mtazamaji huona nukta nyeusi.

Umeme wa kikokotoo, kwa hiyo, hautengenezi mwanga bali huamua tu mwanga upite wapi na uzuiwe wapi. Katika kikokotoo kisicho na taa, nyuma ya polaraiza ya pili hubandikwa utando wa rangi ya fedha, ambao hurudisha mwanga wa chumba kwa msomaji. Mwanga huingia kwa mbele, hupenya tabaka zote, hugonga utando huo na kurudi kwa njia uliyojia. Chumba kikiwa na giza hakuna cha kurudishwa, na hesabu hufanyika ndani ya mashine huku jibu lake likiwa limeandikwa mahali pasipoonekana. Kuweka taa nyuma ya kioo bila kuuondoa utando huo hakusaidii kitu, kwa kuwa kinachorudisha mwanga wa mbele huzuia pia ule wa nyuma.

Hatua za kazi yenyewe

Kazi huanza kwa uchunguzi. Betri hutolewa, skrubu za nyuma hufunguliwa, kioo huinuliwa taratibu katika fremu yake, na tochi humulikwa kutoka nyuma. Mwanga ukipita, hata kwa ufifi, utando ni wa aina inayorudisha sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu nyingine, na taa inaweza kuwekwa bila kubandua chochote. Mwanga usipopita kabisa, utando lazima uondolewe. Katika hatua hii hatari kubwa iko kwenye viunganishi, kwa sababu vikokotoo vingi vya grafu huunganisha kioo na bodi kwa utepe mwembamba wa plastiki uliobandikwa kwa joto, na utepe huo ukivutwa au ukikunjwa mara nyingi, safu nzima za nukta hutoweka na kuzirudisha ni kazi ngumu sana. Vikokotoo vingine hutumia kipande cha mpira chenye tabaka nyembamba zinazopishana, moja ya kupitisha umeme na moja ya kuuzuia, na huko adui ni mafuta ya vidole na vumbi.

Kubandua utando hufanywa kwa wembe mwembamba unaoingizwa pembeni, kisha utando huvutwa polepole ukiwa umelazwa karibu na kioo, kwani kuuvuta kwenda juu huweza kuvunja kioo chenye unene usiozidi milimita moja hivi. Mara nyingi utando wa fedha na polaraiza ya nyuma huwa vimegandana, hivyo vyote viwili hutoka pamoja. Gundi inayobaki husafishwa kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti, bila kuacha kimiminika kifike kwenye kingo, ambako kuna gundi inayozuia fuwele kimiminika isivuje.

Baada ya hapo kioo huwa angavu kabisa na hakionyeshi kitu, kwa sababu macho ya binadamu hayatofautishi uelekeo wa mtetemo wa mwanga. Polaraiza mpya, isiyo na utando wa fedha, hupatikana kwenye kioo cha simu au cha kompyuta kilichokufa. Kikokotoo huwashwa, polaraiza huwekwa nyuma ya kioo na kuzungushwa kidogo kidogo hadi tarakimu zitokeze nyeusi juu ya uso mweupe. Ikizungushwa nyuzi 90 zaidi, mambo hugeuka na tarakimu huwa nyeupe juu ya uso mweusi, hali ambayo baadhi ya watumiaji huipenda zaidi kwa usiku. Zungusho hilo moja humfundisha mwanafunzi maana ya mtetemo wa mwanga kwa uwazi ambao mchoro wa ubaoni haufikii.

Inayofuata ni taa. Zamani kazi ya aina hii ilifanywa kwa karatasi ya elektroluminesensi, yaani karatasi inayong'aa yote kwa pamoja inapopewa umeme geu wa volti zipatazo 100, lakini ilihitaji saketi ya kupandisha volti na mwanga wake ulififia kadiri ilivyotumika. LED, yaani diodi inayotoa mwanga, imeondoa haja hiyo. LED nyeupe kwa kawaida ni diodi ya mwanga wa buluu iliyofunikwa kwa unga unaobadilisha sehemu ya buluu hiyo kuwa rangi nyingine, na ugunduzi wa diodi ya buluu yenye ufanisi ndio uliowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

LED mbili zikiwekwa nyuma ya kioo moja kwa moja hutoa madoa mawili makali na giza kati yake, kwa hiyo mwanga unapaswa kutandazwa. Kifaa cha kuutandaza kimo ndani ya simu mbovu yenye kioo cha LCD, nacho ni bamba la plastiki angavu ambalo LED huwekwa kwenye ukingo wake. Mwanga huingia kwa ubavu na kusafiri ndani ya bamba ukigonga nyuso zake na kurudishwa ndani, hadi ukutane na madoa madogo sana yaliyochapwa upande wa nyuma, ambayo huuelekeza nje kwa mtazamaji. Madoa hayo ni machache karibu na LED na huzidi kuwa mengi kadiri yanavyokwenda mbali nayo, ili sehemu ya mbali isiyofikiwa na mwanga mwingi itoe sehemu kubwa zaidi ya ule ulioifikia. Bamba likikatwa ili litoshe, ukingo wenye LED ndio unaopaswa kubaki, la sivyo mpangilio huo hupotea. Juu ya bamba huwekwa karatasi ya kusambaza mwanga, chini yake karatasi nyeupe, na nyuma ya vyote kizuizi cha plastiki kinachotenganisha taa na bodi ya kikokotoo.

Umeme nao una hesabu yake. TI-83 hutumia betri nne ndogo za volti 1.5, jumla volti 6, ilhali LED nyeupe huhitaji takribani volti 3, kwa hiyo volti 3 zinazobaki lazima zimezwe na rezista, kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme. Kwa kanuni ya Ohm, volti 3 zikigawanywa kwa rezista ya omu 330 hutoa mkondo wa takribani miliampea 9, ambao unatosha kabisa kwa kusomea gizani. Kila LED inapaswa kuwa na rezista yake, kwa sababu LED mbili hazilingani kikamilifu, na zikigawana rezista moja ile inayowaka kwa volti ndogo zaidi huchukua sehemu kubwa ya mkondo na kufa mapema. LED mbili hutumia miliampea 18 kwa pamoja, na betri za alkalini zenye ujazo wa miliampea-saa zipatazo 1,000 zingeweza kuziwasha kwa saa zipatazo 50, muda mfupi sana ukilinganishwa na miezi ambayo kikokotoo hudumu bila taa. Ndiyo maana swichi ya peke yake ni ya lazima, na waya za taa huchukua umeme moja kwa moja kwenye vituo vya betri, si kwenye njia nyembamba za bodi ambazo hazikutengenezwa kubeba mzigo huo.

Kwa kalkuleta ya kawaida inayotumia betri moja ya volti 1.5, hesabu hiyo hugonga mwamba, kwa kuwa volti 1.5 haziwezi kuwasha LED ya volti 3 hata rezista ikiondolewa. Suluhisho ni kuipa taa betri yake bapa ya volti 3, au kutumia saketi ndogo ya kupandisha volti kama ile iliyomo katika baadhi ya tochi za betri moja. Anayejiandaa kwa mtihani wa taifa afanye majaribio kwenye kikokotoo kingine, maana kifaa kilichofunguliwa na kubadilishwa kinaweza kuzua maswali mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Ujuzi wa vibandani

Hakuna hatua miongoni mwa hizo iliyo ngeni kwa fundi wa televisheni wa Mwanza. Televisheni bapa inapoletwa ikitoa sauti bila picha, jambo la kwanza analofanya fundi ni kumulika tochi karibu na kioo. Picha ikionekana kwa ufifi, anajua kwamba bodi na kioo vinafanya kazi na kilichokufa ni taa za nyuma. Kipimo hicho ni fizikia ile ile ya kikokotoo: kioo kinaendelea kuamua mwanga upite wapi, lakini hakuna mwanga wa kupita. Fundi hufungua televisheni, hupanga karatasi za kutandaza mwanga kwa mfuatano wake, na hupima vijiti vya LED kwa mita, yaani kipima umeme cha mkononi. LED hizo zimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikatika zote huzima, na ustadi wake uko katika kuipata ile moja.

Kazi hiyo ina hatari zinazopaswa kusemwa wazi. Saketi ya taa za televisheni huweza kuwa na volti zinazozidi 100, na kapasita za bodi ya umeme hubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, kwa hiyo mwanafunzi asiifungue bila msimamizi. Televisheni na kompyuta bapa za zamani zaidi, kabla ya LED, zilitumia mirija myembamba yenye zebaki, ambayo ni sumu na haipaswi kuvunjwa. Simu na kikokotoo, vyenye volti chache, ni mahali salama zaidi pa kuanzia, ingawa betri ya litiamu ya simu huondolewa kwanza na haitobolewi kamwe.

Desturi ya kutengeneza mwanga kutokana na vitu vilivyotupwa ina mizizi mirefu katika jiji hilo. Makoroboi, eneo la biashara lenye msongamano katikati ya Mwanza, limebeba jina la vibatari vya mafuta ya taa vilivyofuliwa hapo kutokana na makopo na mabati chakavu. Fundi wa koroboi alijua ukubwa wa utambi unaotoa mwanga bila moshi mwingi na namna ya kuziba mfuniko ili mafuta yasimwagike, na ujuzi huo aliupata kwa kufanya kazi kando ya mtu aliyeujua. Fundi wa LED wa leo naye hujifunza kwa namna hiyo hiyo, huku nafasi ya kopo ikichukuliwa na simu iliyovunjika kioo.

Ujuzi wa ziwani

Kundi la pili lenye elimu ya mwanga haliko mjini bali majini. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, na takribani nusu yake iko Tanzania. Dagaa wanaoanikwa kwenye fukwe za Ukerewe na Igombe na kuuzwa katika soko la Mwaloni, Kirumba, huvuliwa kwa mwanga. Wavuvi huingia ziwani katika usiku wa giza, huweka taa juu ya maji, husubiri dagaa wakusanyike chini yake, kisha huwazungushia wavu. Mbalamwezi inapokuwa kubwa kazi husimama, kwa sababu mwanga ulioenea ziwa zima hauwakusanyi samaki mahali pamoja.

Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai, taa ya mafuta yaliyopulizwa kwa mgandamizo hadi yakawa mvuke na kuwaka ndani ya kifuko kinachong'aa. Karabai hutoa mwanga mkali, lakini sehemu kubwa ya nishati ya mafuta yake huishia kuwa joto, na mwanga wenyewe husambaa pande zote, mwingi ukielekea angani ambako hakuna dagaa. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilianzisha huko Mbita, upande wa Kenya wa ziwa hilo, kituo cha kuchaji kwa nguvu ya jua taa ambazo wavuvi walizikodi, na miaka michache baadaye watafiti wa mradi uitwao Lumina walizijaribu taa za LED pamoja na wavuvi wa usiku wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Tangu hapo taa za LED zinazochajiwa kwa sola au umeme zimeenea, na sababu yake haiko katika gharama ya mafuta pekee. LED hutoa mwanga kuelekea upande mmoja, hivyo huweza kuelekezwa chini majini, mahali unapohitajika.

Hapo ndipo mvuvi na fundi wanapokutana bila kujua. Swali la mvuvi ni namna ya kuzuia mwanga usipotee angani, na swali la anayeweka taa kwenye kikokotoo ni namna ya kuuzuia usirundikane mahali pamoja, na yote mawili ni swali moja la kuongoza mwanga. Mvuvi anayetengeneza kikingio cha taa yake kwa bati linalong'aa anafanya kwa ukubwa kile ambacho karatasi nyeupe nyuma ya bamba la plastiki hufanya kwa udogo. Naye hujua, kwa mazoea ya usiku mwingi majini, kwamba taa yenye betri inayochoka hufifia kabla ya kuzimika. Hesabu ya rezista huonyesha sababu: betri nne za kikokotoo zilizoshuka hadi volti 1.1 kila moja hutoa volti 4.4 tu, na mkondo wa LED ile ya miliampea 9 hushuka hadi takribani miliampea 4.

Kuviunganisha vilivyotengana

Elimu ya tatu ni ya darasani. Mtaala wa Fizikia wa sekondari una mada ya mwanga, ya umeme na ya elektroniki, ambamo diodi na transista hufundishwa, na mwanafunzi wa kidato cha nne anategemewa kuijua kanuni ya Ohm kwa moyo. Mara nyingi, hata hivyo, anaijua kama mstari wa kuandika katika mtihani, huku fundi aliye mita chache kutoka lango la shule akiitumia kila siku pasipo kuiandika, na mvuvi akiona matokeo yake pasipo kupewa jina lake. Kila mmoja ana kipande. Fundi anaweza kubadilisha LED lakini si lazima ajue kwa nini polaraiza ikigeuzwa rangi hubadilika. Mwanafunzi anaweza kueleza polaraiza lakini hajawahi kuigusa. Mvuvi anajua mwanga unavyotenda majini kuliko wote wawili.

Taa ya kikokotoo ni kazi inayofaa sana kuwaunganisha, kwa sababu ni ndogo, ina volti salama, hutumia vitu vilivyotupwa, na inagusa karibu kila sura ya mada hizo kwa saa chache. Shule ya Sekondari ya Ufundi Bwiru Wavulana, chuo cha ufundi stadi cha VETA kilichoko Nyakato na vilabu vya sayansi vya shule za wilaya za Ilemela na Nyamagana vingeweza kuanza na sanduku moja la simu mbovu, mita moja na chuma kimoja cha kulehemu, kisha kumwalika fundi wa jirani si kama mtu wa kutengeneza kitu kilichoharibika bali kama mwalimu wa siku hiyo. Atakachofundisha hakimo kitabuni: nguvu ya mkono inayotosha kubandua utando bila kuvunja kioo, rangi ya risasi iliyoyeyuka vizuri, mlio wa mita saketi inapokamilika. Mwalimu wa Fizikia, kwa upande wake, atamweleza fundi kwa nini kipimo chake cha tochi hufaulu, na maelezo hayo yatamsaidia siku atakapoletewa kioo cha aina asiyoijua.

Faida ya mpango kama huo haitapimwa kwa idadi ya vikokotoo vitakavyopata taa. Vifaa vingi vinavyotumika kando ya Ziwa Victoria vilibuniwa mbali, na watu waliodhani kwamba mtumiaji angekuwa daima chini ya taa ya umeme usiokatika, na dhana hizo zitaendelea kuingia nchini ndani ya kila kifaa kipya. Kijana aliyekwisha kufungua kikokotoo, akaelewa kwa nini kilinyimwa mwanga, akakokotoa rezista yake na kukirudisha kikiwa kinasomeka usiku, amejifunza kwamba uamuzi wa mtengenezaji unaweza kuchunguzwa na kurekebishwa. Uwezo huo ndio ambao shule na vyuo vya Mwanza vinapaswa kuukuza kwa makusudi, na mahali pazuri pa kuanzia ni kibanda cha fundi kilicho karibu zaidi na lango la shule.